Tulipeni Kutunza: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maendeleo ya Vijiji

Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia Serikali za Mitaa, Utawala Bora, Maji na Fedha,
Ndugu Watendaji Wakuu wa mifuko na wakala zinazofanya kazi vijijini,

Nawasalimu kwa heshima.

Ninapoandika barua hii nina kauntabuku mezani. Jalada lake limelika pembeni na kurasa za mwanzo zina madoa ya mvua. Ndani yake mna majina ya majirani zangu, mstari kwa mstari, na mbele ya kila jina alama za vema kwa siku walizofika kazini. Wanaojua kuandika walitia sahihi. Wengine waliweka dole gumba, na wino ule wa zambarau unang'aa kana kwamba uliwekwa jana. Nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji iliyosimamia kazi ile. Hakuna aliyewahi kuniomba daftari hili baada ya kazi kwisha, nikalitunza mwenyewe.

Ni daftari la lambo, bwawa dogo la kukinga maji ya mvua.

Kijiji chetu kipo kanda ya kati ya Tanzania, huku ambako mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki tunaishi kwa kile tulichokiweka. Tunalima mtama, uwele, alizeti na karanga, na tunafuga. Maji ya kiangazi tunayafukua kwenye mchanga wa korongo. Kadiri jua linavyokaza ndivyo shimo linavyokwenda chini, hadi mchotaji akisimama ndani huoni ila kichwa. Kwa hiyo ulipotufikia mradi mmoja wa kutoa ajira za muda kwa wanakijiji wasio na kitu, mkutano mkuu wa kijiji haukubishana. Tuliibua lambo, yaani tulilichagua kuwa mradi wa kijiji. Mradi wenyewe ulishakwisha muda wake na sitautaja jina, kwa sababu siandiki kumshitaki mtu.

Tulikuwa tukianza saa moja asubuhi. Vifaa vyetu vilikuwa majembe, sururu, mabeleshi, makarai na toroli chache ambazo matairi yake hayakumaliza juma bila kupasuka. Wanaume walichimba. Wanawake walibeba udongo kichwani kwa makarai hadi kwenye tuta, wakaumwaga, na nyuma yao wazee wakaushindilia kwa vipande vizito vya mti. Fundi aliyetuelekeza alikuwa mkali katika jambo moja: kila tabaka la udongo liloweshwe kidogo na kushindiliwa kabla ya kumwaga jingine. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye kwa umri wake angeweza kumtuma mjukuu, alikataa kutuma mtu. Alifika kila siku na kipande chake cha mti, akapiga udongo taratibu, kipande baada ya kipande, kama anayetwanga. Siku tuta lilipofika usawa wa kifua chake aliniita akaniambia, "Katibu, hili ndilo litakalonizika."

Bibi yu hai hadi leo. Lambo ndilo tulilolizika sisi.

Naomba mnivumilie nieleze lilivyokufa, maana halikufa kwa siku moja. Msimu wa kwanza lilitupa maji mpaka Agosti. Watoto waliokuwa wakipelekwa korongoni alfajiri walifika shule kwa wakati, na bustani za mchicha na nyanya zikaota kando yake kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Msimu wa pili maji yalikoma Juni, kwa kuwa tope kutoka mashamba ya juu lilianza kujaa. Hatukuwa tumejengewa birika la kunyweshea mifugo, hivyo ng'ombe walishuka majini wenyewe, na wakati wa kurudi walipanda tuta mahali pamoja kila siku. Pale pakatokea njia, na njia ikawa mfereji. Kwenye mlango wa kutolea maji yaliyozidi paliota miiba, kisha magogo yakanasa. Mwaka wa nne, usiku mmoja wa Januari, mvua ilinyesha bila kupumzika. Maji yalikosa pa kutokea, yakapanda tuta, yakaikuta ile njia ya ng'ombe. Alfajiri tulikuta mwanya ambao trekta lingepita. Shamba la alizeti lililokuwa chini yake likawa mchanga mtupu.

Mara nyingi nimekaa na daftari hili nikipiga hesabu. Watu sita, siku mbili kila mwezi: kuijaza ile njia ya ng'ombe kabla haijawa mfereji, kupanda majani ya kushika udongo, kufyeka mlango wa maji, kupita juu ya tuta baada ya kila mvua kubwa kutazama panapovuja. Hizo ni siku za kazi 144 kwa mwaka. Tukichukua ujira wa shilingi 3,000 kwa siku, ni shilingi 432,000. Tope la mwezi wa kumi, lambo linapokuwa kavu, lingetaka mikono zaidi; hesabuni mara mbili ya hizo. Bado ni fedha ambazo ziara moja ya ukaguzi yenye magari matatu inaweza kuzimaliza kwa mafuta na posho.

Hatukunyamaza. Mwaka wa pili, tulipoona tuta limeanza kuliwa, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na mimi tulikwenda kwenye ofisi iliyohusika tukiwa na barua yenye muhuri wa kijiji. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu na alitusikiliza. Alifungua mwongozo wake, akaupitia, akatuambia kwamba fungu la ukarabati halimo. Akatushauri hivi: "Ibueni mradi mpya."

Waheshimiwa, maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike. Kijana yule hakukosea. Alisoma alichoandikiwa. Aliyeandika mwongozo ndiye aliyeona kijiji kinaweza kuomba lambo jipya lakini hakiwezi kuomba siku mbili za kuziba njia ya ng'ombe kwenye lambo lililopo. Na kijiji kikishajua hivyo, kinajifunza haraka kwamba kilichoharibika kina faida kuliko kinachotunzwa, kwa kuwa kilichoharibika huleta mradi.

Ombi langu ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake. Mnatulipa kujenga. Tulipeni na kutunza.

Somo hili tulilipata kwa uchungu zamani. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ikifika 1991, kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, injini za dizeli zikafungwa kwenye vijiji ambavyo miaka hiyo hiyo vilikuwa vikipokea watu wa Operesheni Vijiji. Wazee wetu wanaikumbuka sauti ya injini zile. Kisha dizeli ikaadimika, vipuri vikaadimika, na fundi alikuwa wilayani akisubiri gari. Mwaka 1991 ulifika mita 400 zikiwa bado kwenye karatasi. Sera ya Maji ya 2002 ikazirudia mita hizo hizo, ikaweka kituo kimoja cha maji kwa watu 250, na safari hii ikasema wanakijiji wenyewe wamiliki na walipie uendeshaji. Miaka kumi na kitu baadaye, vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa nchi nzima, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havitoi maji.

Nashukuru kusema kwamba upande wa maji mlijifunza. Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na pamoja nayo vikaja vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii vinavyotakiwa kuwa na fundi wao na mtu wa hesabu. Nimeona kwa macho yangu tofauti inayoletwa na jambo hilo. Kijiji cha jirani kina pampu ya mkono ambayo wakati fulani ilikaa miezi saba bila kutoa tone. Kilichoharibika kilikuwa raba, kitu unachoweza kukishika kwenye kiganja. Akina mama walirudi kwenye mashimo ya mchanga kwa sababu ya raba. Siku hizi fundi wa chombo chao ni binti wa pale pale aliyemaliza kidato cha nne. Chini ya kitanda chake ana sanduku la spana na raba za akiba, na mshahara wake mdogo unatoka kwenye shilingi 50 ya kila ndoo. Pampu ikikwama asubuhi, mara nyingi jioni ya kesho yake imeshatoa maji. Ninapomwona akipita na baiskeli yake najiuliza kwa nini tuta la lambo, karavati, makingamaji ya mashambani na bwawa la samaki havina mtu kama yeye.

Nguvu ya kujenga tunayo, hilo halina ubishi. Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mpango wa kutumia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa kwa miezi michache, 3,000 kati yake yakiwa ya vituo shikizi, yaani shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama, na watoto wakaingia Januari bila kusubiri zamu. Umeme umefika kwenye vijiji zaidi ya 12,000, na mashine za kusaga zilizokuwa zikila dizeli sasa zinakula umeme. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, tangu uanzishwe mwaka 2000 umeacha zahanati, madarasa, visima, malambo na barabara za ndani kila mkoa, na kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini umefikisha fedha mkononi mwa kaya zaidi ya milioni moja. Najua mama aliyepeleka mtoto kliniki kila mwezi kwa sababu ruzuku ilimtaka afanye hivyo, na mtoto yule leo yuko darasa la tano. Siandiki kama mtu asiyeona mema.

Naandika kama mtu aliyeshika daftari la mahudhurio. Na daftari hilo linanionyesha kitu ambacho nadhani hakionekani vizuri kutoka Dodoma mjini.

Kazi za ajira za muda huja kwa mkupuo. Katika mpango wa kunusuru kaya, utaratibu umekuwa siku 60 kwa mwaka kwa kaya yenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Kwetu, kwenye mradi ule wa lambo, siku zilikuwa pungufu ya hizo na malipo yalichelewa, yakaja yote pamoja. Siku ya malipo niliwaona watu wakitoka mezani na kwenda moja kwa moja dukani. Mwenye duka naye alikuwa na daftari lake, la madeni. Mahindi waliyokula Januari yalilipwa siku ile, na chumvi na sabuni na mafuta ya taa. Jioni wengi walikuwa wamerudi pale walipoanzia. Hawakuwa wazembe; walikuwa wanalipa miezi iliyopita.

Sasa tazameni kalenda ya kwetu. Ghala zinakuwa tupu kuanzia Desemba, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ya njaa. Miezi hiyo mtu asiye na akiba huacha shamba lake likiota magugu akaenda kulima kibarua kwa mwenzake ili apate debe la mahindi, na kwa kuacha shamba lake anajiandalia njaa ya mwaka unaofuata. Na miezi hiyo hiyo, Desemba hadi Aprili, ndiyo lambo linataka kutazamwa, mitaro ya barabara inataka kuzibuliwa, na makingamaji yanataka kurekebishwa kila baada ya mvua. Njaa na kazi ya kutunza zinafika pamoja. Kujenga lambo kunataka watu wengi kwa muda mfupi wakati wa ukavu, lakini kulitunza kunataka watu wachache, siku chache, mwaka mzima, na zaidi wakati wa mvua. Mama anayepata shilingi 6,000 kila mwezi bila kukosa, kwa siku mbili za kazi karibu na nyumbani, hahitaji kuacha shamba lake. Atanunua hisa yake kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kila wiki, hata kama ni moja. Baada ya miezi sita anaweza kukopa na kununua mbuzi. Nimekaa kwenye vikundi hivyo miaka mingi: anayeinuka ni yule mwenye kidogo kisichokatika. Mwenye kingi cha mara moja humuoni mwaka unaofuata.

Wenzetu Rwanda, katika mpango wao wa kusaidia kaya maskini, VUP, ulioanza mwaka 2008, waliliona hili. Awali walikuwa na kazi za nguvu kama zetu. Baadaye wakaongeza kazi nyepesi za mwaka mzima kwa kaya ambazo mtu wa kufanya kazi ni mmoja tu na ana watoto wa kulea, zikiwamo kutunza barabara za vumbi karibu na anapoishi na kulea watoto wa majirani. Mjane mwenye watoto watatu hawezi kutembea kilomita sita kwenda kuchimba kwa siku kumi na tano mfululizo. Kufyeka mtaro wa mita mia mbili mbele ya nyumba yake anaweza, na ataufyeka vizuri, kwa kuwa maji ya mtaro ule yakipotea njia yanaingia kwake.

Na hapa nyumbani mlango umeshafunguliwa kidogo. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kuziangalia barabara za vijijini na mijini, imekuwa ikitoa kazi za matengenezo kwa vikundi vya kijamii katika baadhi ya maeneo: kufyeka, kuzibua mitaro, kufukia mashimo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli inayonunuliwa nchini imebeba shilingi 100 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara hizi, na bodaboda wa kijijini kwetu anaichangia kila anapojaza mafuta. Vitu hivi vitatu vikikutanishwa, kikundi cha wanawake kumi wa kitongoji kimoja kinaweza kuwa na mkataba wa mwaka mzima wa kutunza kilomita nne za barabara yao. Kinachokwamisha ni makaratasi. Mwaka jana kikundi kimoja cha hapa kilijaribu kuomba kazi ya namna hiyo. Wakatakiwa kuomba kwa mtandao. Simu janja kwenye kikundi ilikuwa moja, na mtandao unapatikana ukipanda kwenye jabali nyuma ya shule. Walipanda mara tatu, wakaacha. Kwa mikataba midogo kama hii, fomu ya kurasa mbili inayopokelewa kwa mtendaji wa kata ingetosha kabisa.

Najua mtakaloniuliza: je, kutunza si wajibu wa wananchi wenyewe? Mbona zamani kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo?

Ni swali la haki, na nalijibu kama mjumbe wa halmashauri ya kijiji aliyepiga kengele ya msaragambo mara nyingi. Kwanza, tuna kosa letu. Tulipaswa kutunga sheria ndogo ya kuzuia mifugo isipande tuta, na hatukuitunga, kwa kuwa wenye ng'ombe wengi walikuwa ndani ya kikao na sisi wengine tuliona aibu kuwagusa. Hilo tunalibeba sisi, na mimi mmoja wao. Lakini msaragambo nao una ukweli wake. Anayekuja ni maskini na mwanamke. Mwenye uwezo hulipa faini, au halipi kabisa. Anayeishi kitongoji cha mbali hafiki kwa sababu lambo haliko upande wake, na huwezi kumlaumu. Mtu ambaye hajui atakula nini mchana unamwomba siku yake bure mwezi wa Februari, kutunza mali ambayo kwenye vitabu vyenu imeandikwa kuwa ni ya umma. Mwalimu wa shule ya umma hafundishi kwa msaragambo. Mlinzi wa zahanati halindi kwa msaragambo. Sioni kwa nini anayelinda tuta linalonywesha vitongoji vitatu afanye hivyo.

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba vijiji havina uwezo wa kushika fedha. Hapo naomba mtazame mlichokifanya ninyi wenyewe kwa utaratibu wa fosi akaunti. Mliingiza mamilioni kwenye akaunti za shule na zahanati, mkatuambia tuunde kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, tutafute mafundi wetu, tuhesabu mifuko ya saruji wenyewe. Palipokuwa na wizi palijulikana, maana kila mtu kijijini anajua bei ya tripu ya mchanga. Kwingi majengo yalisimama. Kijiji kilichosimamia ujenzi wa madarasa mawili hakiwezi kushindwa kusimamia ujira wa watu sita.

Fedha zenyewe zinaweza kupatikana bila kuanzisha kodi mpya. Tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, kijiji kilibaki na vyanzo vichache sana vya kwake, na ahadi ilikuwa kwamba halmashauri za wilaya zitarudisha vijijini asilimia 20 ya mapato yao. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeirudia hoja hiyo ya fedha kutofika vijijini mwaka baada ya mwaka. Fedha hizo zikifika, na sehemu yake ikafungwa kwa jina la matengenezo ili isihamishwe kwenda kwenye mapokezi ya wageni, malambo mengi yatapona. Na mradi mpya unapoidhinishwa, andiko lake liwe na safu inayoonyesha nani atautunza kwa miaka kumi, kwa siku ngapi, kwa fedha kutoka wapi. Andiko lisilo na safu hiyo lirudishwe, hata kama limetoka kwetu. Afadhali tukose lambo moja kuliko kubeba udongo wake kichwani halafu tulitazame likikatika.

Kuna jambo dogo ambalo halina gharama yoyote. Kila mwaka Mwenge wa Uhuru hupita ukizindua miradi na kuweka mawe ya msingi, na viongozi wake hukagua nyaraka kwa makini, hilo tunalijua. Ninaomba kwamba katika kila wilaya, pamoja na miradi mipya, wapelekwe kwenye mradi mmoja uliozinduliwa miaka kumi iliyopita. Wafungue bomba. Wapite juu ya tuta. Waulize nani anautunza na analipwa nini. Wakurugenzi wakijua kwamba jiwe walilozindua litatembelewa tena, bajeti za mwaka unaofuata zitabadilika zenyewe.

Katiba yetu, kwenye Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mimi sitafsiri sheria. Ila nikiwa mwanakijiji naelewa kwamba mwenye madaraka juu ya kitu ni yule anayeweza kukitengeneza kinapoharibika bila kwanza kuomba ruhusa ya kukijenga upya.

Mwezi uliopita mkutano mkuu wa kijiji ulikaa chini ya mkuyu kama kawaida. Ajenda ya lambo haikuwamo. Ililetwa na vijana wa kitongoji cha chini, kwenye mengineyo. Tumekubaliana kujaribu kuuziba ule mwanya kabla ya mvua, kwa mawe na udongo. Wenye ng'ombe wametoa mikokoteni minne ya kusomba mawe, na safari hii sheria ndogo ya kuzuia mifugo kupanda tuta imepitishwa kwa mikono iliyonyooshwa, na wao wenyewe wakiwamo. Nimefungua ukurasa mpya kwenye kauntabuku hii hii, baada ya ule wa mwisho wa zamani. Nimechora mistari: namba, jina, kitongoji, siku, malipo, sahihi au dole gumba. Hadi naandika haya wamejiandikisha watu thelathini na wanane. Wa kwanza ni yule bibi. Alikuja kwa fimbo, akaweka dole lake, akaniuliza kama kile kipande chake cha mti bado kipo stoo ya kijiji.

Kipo. Safu ya malipo nimeiacha wazi, nikisubiri jibu lenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na katibu wa kamati ya lambo,
Kanda ya kati